Kimvita na Kiswahili Sanifu: Historia ya Lugha ya Mama Iliyogeuzwa Lahaja

Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya mama na utambulisho wa mtu katika jamii zilizowahi kutawaliwa umekuwa na sura moja iliyozoeleka. Upande mmoja huwekwa lugha ya mtawala, yaani Kiingereza, Kifaransa au Kireno. Upande wa pili huwekwa lugha ya nyumbani, ile ambayo mtoto aliadhibiwa kwa kuisema shuleni. Hivyo ndivyo Obi Wali alivyolikabili suala hili mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza kukutana Makerere, na hivyo ndivyo Ngũgĩ wa Thiong'o alivyolikamilisha katika Decolonising the Mind mwaka 1986. Katika sura hiyo, Kiswahili hupewa nafasi ya tatu, nafasi ya msuluhishi. Hakikuletwa na mkoloni, wala si cha kabila fulani. Kwa hivyo ni cha wote. Husifiwa kwa kutokuwa na wenyewe.

Sifa hiyo ndiyo makala hii inayonuia kuihoji. Kiswahili kina wenyewe. Kuna watoto walioanza kusema kwa Kiswahili kabla hawajajua kwamba kuna lugha nyingine duniani: watoto wa Mvita, Lamu, Pate, Siu, Vanga na Unguja. Hoja yetu ni kwamba lugha ilipotangazwa kuwa ya kila mtu, wale ambao ilichukuliwa kwao waligeuzwa wageni ndani yake, na kwamba ugeni huo umeacha alama katika ushairi wa Pwani ya Kenya ambazo uhakiki wetu umekuwa ukizipita bila kuzisoma. Tutajifunga zaidi na Kimvita, lahaja ya Mombasa. Sababu ni kwamba Kimvita kilishindania nafasi ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kikashindwa, na historia ya mshinde huwa haiandikwi kwa urefu ule unaopewa historia ya mshindi.

Mvita na Unguja

Kuanzia miaka ya 1840, Kiswahili kilianza kuandikwa kwa hati za Kirumi na wamishenari katika vituo viwili vilivyokuwa na mielekeo tofauti. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kuisoma lugha aliyoikuta ikisemwa pale. Muhtasari wake wa sarufi ulitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili alichokishughulikia kilikuwa hasa Kimvita. Kwa upande wa pili, Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa kisiwani humo. Kuanzia hapo kila misheni ilichapa vitabu vya sala na vya shule kwa lahaja ya mahali ilipoweka makao.

Katika kituo cha Mombasa kulitokea ushirikiano ambao haujapewa uzito unaostahili. William Taylor, mmishenari wa CMS aliyefanya kazi mjini humo mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya methali na mashairi kwa msaada wa wanazuoni wa mji. Aliyemfaa zaidi ni Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi. Sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji tuliyo nayo leo ilihifadhiwa kwa juhudi za watu hawa wawili, na baadaye ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, kisha ikahakikiwa kwa kina na Mohamed Hassan Abdulaziz mwaka 1979. Sikujua hakuwa mtoaji data, kama wanaisimu wa leo wanavyopenda kuwaita watu wa aina yake. Alikuwa mhariri. Aliongeza alama katika hati za Kiarabu ili sauti za Kimvita zisipotee katika maandishi, na alifasiri maneno ambayo hata wakazi wengine wa mji walikuwa wameanza kuyasahau. Mvita, kwa maneno mengine, ilikuwa imekwisha kuanza kuisanifisha lugha yake yenyewe, kwa hati zake yenyewe, kabla ya kamati yoyote kuundwa.

Kamati ilikuja baadaye. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulikubali kwamba makoloni ya Afrika Mashariki yanahitaji Kiswahili kimoja kwa ajili ya vitabu vya shule. Mwezi Juni 1928 wajumbe walikutana Mombasa, Carl Meinhof akiwa miongoni mwao, na Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ikihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kila kitabu cha shule kilitarajiwa kupita mbele yake na kupata ithibati.

Sababu zilizotolewa kwa kukiteua Kiunguja zilikuwa na nguvu, na haifai kuzidharau. Misafara ya biashara ilikuwa imekisambaza Kiswahili cha Unguja hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Utawala wa Kijerumani uliutumia usambazaji huo huko Tanganyika. Na vitabu vilivyokuwa vimechapwa kwa Kiunguja vilikuwa vingi. Waliokitetea Kimvita walitaja hazina yake ya fasihi. Hoja ya fasihi ilishindwa na hoja ya utawala, jambo ambalo halipaswi kumshangaza mtu yeyote anayejua serikali za kikoloni zilihitaji lugha kwa shughuli gani. Linalopaswa kutushughulisha ni kwamba mkutano uliokikataa Kimvita ulifanyika katika mji wa Kimvita, na kwamba kamati iliyoundwa baada yake ilianza kazi ikiwa mkusanyiko wa maafisa wa elimu na wamishenari wa Kizungu. Wajukuu wa Muyaka hawakuulizwa. Wala wale wa Unguja hawakuulizwa, ingawa lahaja yao ndiyo iliyoshinda.

Kuna kinaya kingine. Katika miaka ya 1957 na 1958, kamati hiyohiyo ilichapisha tafiti za H. E. Lambert kuhusu Kivumba, Kijomvu, Kingare na Kichifundi. Yaani lahaja zilirudi katika meza ya kamati, lakini safari hii zilirudi kama vitu vya kuchunguzwa. Hii ndiyo maana halisi ya kugeuzwa lahaja. Usemi wenyewe haukubadilika vinywani mwa watu. Kilichobadilika ni swali linaloulizwa kuuhusu. Hapo awali mtu aliulizwa kama amesema vyema. Sasa akaulizwa kama amesema tofauti.

Herufi na Ulimi

Ili hoja hii isibaki hewani, yafaa tuangalie jambo moja dogo la sauti, kwani ni katika mambo madogo ya aina hii ambapo mtoto hukutana na historia bila kujua jina lake.

Mzawa wa Mvita ana t mbili. Moja hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa menoni, nyingine ikiwa kwenye ufizi. Pale ambapo Kiunguja kina ch katika maneno kadhaa ya asili, Kimvita kina ile t ya menoni: macho ni mato, mchele ni mtele, kichwa ni kitwa, na kucheka ni kuteka. Kwa upande wa pili kuna kuteka maji kisimani, ambako t yake ni ya ufizi. Mtu wa Mvita anayesema kwamba msichana ateka hamkanganyi mtu wa Mvita mwenzake. Sikio linajua papo hapo kama msichana huyo yuko kisimani au amefurahi. Utata huzaliwa pale tu maneno hayo yanapoandikwa kwa alfabeti iliyoundwa kwa lahaja isiyohitaji tofauti hiyo. Mwalimu aliyefunzwa kwa Kiswahili sanifu akiona "kuteka" mahali pa "kucheka", hukata kwa wino mwekundu, na huamini kwamba amesahihisha kosa la tahajia. Kwa kweli amekata sauti.

Hali kadhalika tunayo mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo, paa wa mwituni anao. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anao. Tofauti hizi hazikuwa za Mvita peke yake, kwani wazee wa Unguja nao walizitamka, lakini maandishi sanifu yaliziacha, na kilichoachwa na maandishi ya shule huanza kuachwa na vinywa vya wanafunzi. Aidha, mfululizo wa nj za Kiunguja ni nd katika Kimvita: ndia, ndaa, nde, na ndoo, ambayo kwa mtu wa bara ni chombo cha kuchotea maji na kwa mama wa Kimvita ni wito kwa mtoto wake kwamba aje.

Mifano hii inahusu pia ufundi wa ushairi. Shairi la Kimvita lilitungwa lisikike, na mara nyingi liimbwe. Vina vyake ni vya sikio. Mhakiki anayevihesabu vina kwa macho, akiwa na kitabu kilichochapwa kwa hati zisizotofautisha t na t, au p na p yenye mpumuo, anahakiki nakala iliyokwisha kupungua. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyeishia London, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akilikumbusha jambo hili, na pamoja na P. J. L. Frankl aliandika juu ya namna hati za Kiarabu zilivyotumiwa kuiandika lugha hii. Kuna waliomwona kuwa mshikilia ukale. Sisi twaona kwamba alikuwa akidai kile ambacho kila mhakiki wa ushairi wa Kiingereza hupewa bila kukiomba, yaani matini yenye sauti zake zote.

Jina Bila Mwenyewe

Wakati lugha ilipokuwa ikipimwa na kamati, watu wenyewe walikuwa wakipimwa na sheria. Utawala wa kikoloni nchini Kenya uliwagawa raia wake kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uliamua kodi, mahakama, mgao wa chakula wakati wa vita na uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwarabu alihesabiwa kuwa si mwenyeji. Mmijikenda alihesabiwa kuwa mwenyeji. Mswahili wa Miji Kumi na Miwili ya Mombasa, ambaye dini, mavazi na ndoa vilimfunganisha na wote wawili, alibaki mlangoni. Mwaka 1927 wanamiji waliunda chama kilichoitwa Afro-Asian Association ili kupigania hadhi yao, na katika jina hilo refu la vipande viwili mtu anaweza kusoma shida yote ya wakati ule. Hyder Kindy, aliyeshiriki katika siasa hizo, ameeleza misukosuko yake katika tawasifu yake ya mwaka 1972, naye Ahmed Idha Salim ameifanyia historia pana zaidi katika kitabu chake cha mwaka uliofuata.

Ni rahisi leo kuwalaumu watu hao kwa kutaka kuhesabiwa pamoja na Waarabu. Lawama hiyo ina haki yake, hasa tukikumbuka historia ya utumwa na dharau iliyoambatana na madai ya nasaba. Hata hivyo, yafaa pia tuulize ni jina gani walilokuwa wameachiwa. "Mswahili" katika kinywa cha afisa lilikuwa jina la mtu yeyote wa mjini asiyekuwa na chifu. Katika kinywa cha watu wa bara, kabla na baada ya uhuru, limekuwa pia jina la mjanja, mtu wa maneno mengi na vitendo vichache. Tunasema "usiniletee Uswahili" bila kusita, hata katika korido za idara zinazofundisha Kiswahili. Jina la taifa likageuka kuwa tabia.

Kisha zikaja siasa za Mwambao na makubaliano ya Oktoba 1963, ambayo kwayo ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja ukaingizwa rasmi katika Kenya. Katika nchi mpya, aliyejitambulisha kuwa Mswahili alishukiwa kuwa anaukataa Uafrika. Shihabuddin Chiraghdin, aliyefariki mwaka 1976, alijibu shaka hiyo kwa njia ya historia, katika kitabu alichoshirikiana na Mathias Mnyampala na kilichotoka mwaka 1977. Miaka iliyofuata, Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988), kisha yeye pamoja na Alamin Mazrui mwaka 1994, walilirejea swali hilo kwa hoja kali zaidi: nani kasema kwamba watu wanaweza kuwa na lugha na wakakosa kuwapo?

Swali hilo lina ncha. Mgikuyu aliyepokonywa Kigikuyu darasani alijua kwamba amepokonywa Kigikuyu. Mmvita alipokea kutoka kwa mwalimu kitu kilichoitwa kwa jina la lugha yake mwenyewe, na akaambiwa kwamba hakijui vyema.

Siwati

Washairi hawakunyamaza. Mapema kabisa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha mjini Mombasa Sahifa mwaka 1930, ule ule ambao Kamati ilianza kazi, na baadaye Al-Islah mwaka 1932. Makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Herufi w iliyomo katika jina hilo si kosa la mpiga chapa. Hayo yalikuwa magazeti ya mageuzi ya dini na jamii, wala hayakuanzishwa kwa ajili ya lahaja. Lakini yalionyesha kwamba Kimvita kinaweza kubeba nathari ya hoja, ya siasa na ya uchumi, si mashairi ya mapenzi na harusi pekee.

Katika miaka ya 1970 jibu lilikuja kwa ushairi. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyohaririwa na Chiraghdin, ilitoka mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Historia ya diwani hii ya pili inajulikana. Abdilatif alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, alichokiandika mwaka 1968 kuitetea KPU. Alikaa gerezani tangu 1969 hadi 1972. Mashairi hayo aliyatunga humo. Na mwaka 1974 diwani ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la Rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wahakiki wameisoma kwa upande wa siasa, na wamefanya vyema. Lakini wengi wameichukulia lahaja yake kama pazia ambalo lazima livutwe kando ndipo maana ionekane, na ndiyo sababu darasani hujadiliwa kwanza katika orodha ya msamiati kisha husahauliwa.

Hebu tutazame vichwa viwili tu vya mashairi yake. Kimoja ni "Siwati". Kwa Kiswahili sanifu tungesema "siachi". Kitenzi ni kuwata, na kila mama wa Mvita amekitumia kumwambia mtoto aache alichokishika. Mfungwa anayekataa kuuacha msimamo wake angeweza kulikataa agizo la serikali kwa kitenzi cha serikali, kile kilichomo katika vitabu vya shule na matangazo ya redio. Amelikataa kwa kitenzi cha nyumbani. Kukataa kwake kuna anwani.

Kichwa cha pili, "N'shishiyelo ni lilo", kina mengi zaidi. Shishiye ni umbo la kale la kitenzi kushika katika hali timilifu, lenye kiishio -iye ambacho Kiswahili sanifu hakina. Wanafunzi hufundishwa kulifasiri kuwa "nililolishika", na hapo maana huvuja. "Nililolishika" huliweka tendo katika wakati uliopita. Huenda nimeliachia jana. Umbo la -iye hueleza tendo lililotimia na hali yake ikabaki: nililishika, na hadi sasa ninaposema mkono wangu haujalegea. Kiswahili sanifu chaweza kuieleza maana hiyo kwa maneno manane au tisa. Kimvita kinaieleza kwa kiishio. Kwa mtu aliyefungwa, anayeulizwa kila siku kama ameshabadili mawazo, sarufi ya mama yake ilikuwa tayari imemtengenezea jibu. Ndiyo maana twasisitiza kwamba lahaja katika diwani hii ni sehemu ya dhamira. Uhakiki unaoitafsiri kwanza kwa Kiswahili sanifu ndipo uichambue huwa umeshaitupa hoja yake kuu.

Yafuatayo yanaitia hadithi hii utata unaofaa. Alipotoka gerezani, Abdilatif alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mrithi wa ile Kamati ya 1930, katika miaka ambayo taasisi hiyo ilikuwa ikiiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Mshairi wa "Siwati" hakuona kwamba kukipenda Kimvita kunamzuia kukitumikia Kiswahili sanifu. Wala Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, hakuona hivyo. Yeye alichimba katika hazina ya lahaja za kaskazini akaunda maneno kwa ajili ya vitu vipya, na neno runinga, linalonasibishwa naye, sasa lasemwa na watangazaji wa Nairobi ambao hawajawahi kuiona Lamu. Watu hawa walitaka njia ya pande mbili. Mwaka 1928 ilifunguliwa ya upande mmoja.

Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga kwa nguvu. Anaweza kusema kwamba kila lugha ya maandishi lazima ichague, na kwamba aliyepoteza t moja amepata wasomaji milioni nyingi. Anaweza kuongeza kwamba Mswahili wa Mvita, pamoja na malalamiko yake yote, anafanya mtihani wa taifa kwa lugha iliyo karibu na ya mama yake, fursa ambayo Mgiriama, Mpokomo au Mturkana hana. Haya ni kweli. Zaidi ya hayo, Kimvita chenyewe si mtoto asiye na hatia. Washairi wa Mvita kwa muda mrefu waliinamia Kiamu na Kingozi walipotaka kutunga kwa heshima, na Kitikuu cha Wabajuni kimedharauliwa na Lamu na Mombasa kabla hakijadharauliwa na Nairobi. Kila lahaja ina lahaja ya kuicheka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kisiasa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyataja matangazo ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa yaliyochochea uhasama. Mkenya aliyeyaona hayo ana sababu ya kuitamani lugha isiyokuwa na wenyewe. Tunamwelewa. Lakini tunaona kwamba anachokitamani kimepatikana kwa gharama ya jamii moja ndogo isiyoulizwa, na kwamba lugha inaweza kuwa ya wote bila ya kukana kwamba ina kwao. Shaaban Robert, ambaye wazazi wake walikuwa Wayao, alijiita Mswahili na hakuna aliyepungukiwa. Mlango huo ulikuwa wazi kwa sababu nyumba ilikuwa na wenyeji wa kuufungua.

Darasani

Sera za elimu baada ya uhuru zimelizunguka tatizo hili bila kuligusa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na kwa Kiswahili pale ambapo watu wamechanganyika. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa vitabu vya kusomea katika lugha kadhaa za Kenya chini ya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, na inapendeza kuona kwamba neno "kikwetu" lilikopwa kutoka kwa Kiswahili ili kuzitambulisha lugha nyingine zote. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Sisi walimu wa Kiswahili tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana idara zetu zilijaa. Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na katika kifungu cha 7 ikaiwajibisha Dola kulinda anuwai ya lugha za watu wa Kenya na kukuza zile za asili. Mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 umezipa lugha za asili vipindi vyake katika madarasa ya chini.

Katika utaratibu huu wote, mtoto wa Mvita huambiwa kwamba haki yake ya lugha ya mama imekwisha kutimizwa, kwa kuwa lugha ya mama yake ni Kiswahili. Hapo ndipo anapopewa kitabu ambacho ndani yake "mato" ni kosa. Kama Kimvita ni lugha ya asili kwa mujibu wa kifungu cha 7, vitabu vyake viko wapi? Na kama ni Kiswahili, kwa nini kinakatwa alama? Serikali inaweza kuchagua jibu lolote kati ya hayo mawili. Kwa sasa inayatumia yote mawili kumnyima.

Kwa upande wa idara zetu, jambo la kufanya halihitaji sera. Wasahihishaji wanaweza kuagizwa watofautishe umbo la lahaja na kosa la tahajia, na tofauti hiyo inaweza kufunzwa kwa wiki moja. Maswali kuhusu Sauti ya Dhiki yanaweza kuacha kumtaka mtahiniwa atoe "maana ya maneno yafuatayo", yakamtaka aeleze kiishio -iye kinafanya kazi gani katika shairi la mfungwa. Matini za Muyaka zinaweza kuchapwa upya kwa alama zinazoonyesha t ya menoni na mpumuo, kazi ambayo Sikujua alikwisha kuionyesha njia kwa hati zake zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tasnifu za uzamili kuhusu ushairi wa Pwani zinaweza kutakiwa zitegemee kanda na usomaji wa sauti pamoja na maandishi. Na katika semina, pindi linaposomwa neno "siwati", mara nyingi kuna mwanafunzi mmoja ambaye hakulazimika kufungua sherehe, naye kwa kawaida hunyamaza, kwa kuwa tangu shule ya msingi amefunzwa kwamba analolijua yeye si Kiswahili chenyewe. Ni yeye anayefaa kuombwa alisome shairi hilo kwa sauti, na wengine wasikilize.